Binadamu, mnyama, mfumo mzima au haki: msimamo upi ukuongoze unapoamua kuhusu mazingira?

Watu wawili wanaweza kuipenda dunia kwa dhati na bado wasikubaliane kama ni halali kuwaua sungura wa kisiwa kizima ili ndege wa baharini wapate pa kutagia. Takwimu wanazo zile zile. Wanachogombania ni nani anayehesabiwa. Mmoja anamtazama sungura, mwingine anakitazama kisiwa, na akitokea wa tatu atauliza kama kuna watu wanaoishi pale na nani aliyewashirikisha.

Makala hii ni ya mtu aliyekwama katikati yao: mjumbe wa kamati inayopigia kura mradi wa bwawa, mwenye fedha ya kuchangia lakini hajui aipeleke wapi, mwanafunzi anayeandaa mdahalo, au mlaji anayeitazama sahani yake kwa mashaka. Nitaweka mezani misimamo minne inayojitokeza kila mara watu wanapojadili maadili ya mazingira: unaomtanguliza binadamu, unaomhesabu kila kiumbe anayehisi maumivu, unaoutazama mfumo mzima wa uhai, na ule wa haki ya mazingira. Dini sijazifanya fungu la tano, kwa sababu kila dini kubwa ina waumini ndani ya misimamo yote minne.

Vigezo

Kila msimamo nitaupima kwa maswali yale yale. Unamhesabu nani? Maslahi yakigongana, unatoa jibu au unakuacha njia panda? Umeshika wapi katika sheria na mikataba? Unamdai nini anayeufuata? Unakwama wapi? Na mwisho, unamfaa nani?

Sikuweka swali la upi ni wa kweli. Wanafalsafa wamelibishania kwa nguvu tangu miaka ya 1970, na anayesubiri waafikiane kwanza hatapiga kura yoyote.

Kwanza, pale ambapo huhitaji kuchagua

Tumbusi wa Bara Hindi walianza kutoweka miaka ya 1990. Katika muda usiofika miaka ishirini spishi tatu zilipungua kwa zaidi ya asilimia 95. Chanzo kilithibitishwa mwaka 2004, nacho kilikuwa diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe. Tumbusi akila mzoga wa ng'ombe aliyetibiwa nayo, figo zake zinaharibika na anakufa. India iliipiga marufuku kwa matumizi ya mifugo mwaka 2006, na meloksikamu, ambayo haiwadhuru ndege hao, ikapendekezwa badala yake. Lakini hasara ilikuwa imekwisha kusambaa: mizoga ilioza mashambani, mbwa wa mitaani wakapata chakula tele, na kichaa cha mbwa kikawa tishio kubwa zaidi. Waparsi wa Mumbai, ambao kwa desturi huwaachia tumbusi maiti zao, walibaki bila ndege wa kuwasitiri wafu wao.

Wapitishe hapo watetezi wa misimamo yote minne. Anayemtanguliza binadamu atataja kichaa cha mbwa. Anayehesabu maumivu atamtaja ndege anayekufa polepole, na pia ng'ombe, ambaye bado anahitaji dawa. Mtetezi wa mfumo mzima atataja kazi ya kusafisha mizoga iliyobaki bila mfanyaji. Mtetezi wa haki atauliza ni wanakijiji gani wanaoumwa na mbwa hao na kama chanjo inawafikia. Sababu ni nne, hukumu ni moja.

Mambo mengi ya mazingira yako hivi. Kama lako ni la namna hii, acha kusoma uende ukafanye kazi. Kuchagua msimamo kuna maana pale tu misimamo inapoelekeza pande tofauti, na huko ndiko tunakokwenda.

1. Binadamu kwanza

*Unamhesabu nani.* Watu, wa leo na wa kesho. Mto, msitu na nyuki vina thamani kwa kuwa vinatulisha, vinatulinda, vinatuponya au vinatupendezesha. Wengi huudhani kuwa msimamo wa walafi, na hapo wanauonea. Ukiwahesabu sawasawa watoto watakaozaliwa miaka hamsini ijayo, huwezi tena kuchoma makaa ya mawe ukajiambia kwamba hakuna anayeumia. Azimio la Rio la mwaka 1992 linasema hivi katika kanuni yake ya kwanza kabisa: binadamu ndiye kiini cha maendeleo endelevu.

*Maslahi yakigongana.* Hapa ndipo penye nguvu zake, kwa sababu una kipimo kimoja. Angalia DDT, dawa ya kuua wadudu. Marekani iliipiga marufuku mashambani mwaka 1972 baada ya kuonekana inavyojilimbikiza kwenye miili ya viumbe na kuyafanya maganda ya mayai ya ndege kuwa membamba. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliibana duniani kote, lakini ukaacha mlango wazi kwa nchi zinazoihitaji dhidi ya mbu wa malaria. Anayemtanguliza binadamu anauelewa mlango huo bila kujikanyaga: uhai wa mtoto unazidi ganda la yai, ila dawa isipulizwe ovyo maana sumu itarudi kwa mtoto huyo huyo kupitia samaki.

*Katika sheria.* Mikataba iliyofanikiwa zaidi imejengwa juu ya hoja hii au karibu nayo. Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, inayolinda tabaka la ozoni linalotukinga na mionzi mikali ya jua, iliwashawishi wanasiasa kwa kutaja saratani ya ngozi, maradhi ya macho na mazao. Leo karibu asilimia 99 ya kemikali zinazoharibu ozoni zimeondolewa, na hakuna nchi iliyobaki nje ya itifaki hiyo. Jiji la New York nalo, mwaka 1997, lilikubaliana na wakazi wa milima ya Catskill kulinda ardhi inayotiririsha maji yake ya kunywa, kwa kuwa mtambo wa kuyachuja ungegharimu mabilioni ya dola. Misitu ile ilipona bila mtu yeyote kulazimika kuamini kwamba mti una haki.

*Unakudai nini.* Kuona mbali kuliko mfuko wako na muhula wako wa uongozi, basi. Kati ya misimamo minne huu ndio mwepesi kuubeba.

*Unakwama wapi.* Mwaka 1973, kwenye kongamano la falsafa mjini Varna, Bulgaria, mwanafalsafa Richard Routley aliuliza swali ambalo halijazimika hadi leo. Tuseme amebaki binadamu mmoja tu duniani. Kabla hajafa anaangamiza kila kiumbe na kila mmea unaomzunguka. Hakuna mtu atakayeumia, leo wala kesho. Amekosea? Kama moyo unakuambia ndiyo, basi kuna kitu unakithamini ambacho msimamo huu hauna safu ya kukiandika. Katika maisha ya kawaida swali hilo huja kwa sura ya chura asiyejulikana anayeishi kwenye korongo moja tu, pale mhandisi anapotaka kujenga. Chura huyo hana faida yoyote kwetu. Hesabu ya manufaa itamfukia kila mara.

*Unamfaa nani.* Anayetakiwa kuwashawishi watu ambao hawana mapenzi yoyote na wanyamapori: wizara ya fedha, baraza la mji, wenye viwanda, majirani wenye shida zao.

2. Kila anayehisi maumivu

*Unamhesabu nani.* Mnyama mmoja mmoja. Mwanafalsafa Peter Singer alijenga hoja yake mwaka 1975 juu ya mateso: maumivu ni maumivu, awe anayahisi mtu au nguruwe, na kuyapuuza kwa sababu tu ya spishi ni upendeleo kama upendeleo wa rangi. Mwanafalsafa mwenzake Tom Regan, mwaka 1983, alitumia lugha ya haki: mnyama anayeishi maisha yake mwenyewe, mwenye kumbukumbu na matakwa, si chombo cha mtu. Tofauti yao si ndogo. Wa kwanza anaweza kukubali madhara fulani kama yanapunguza mateso kwa jumla, wa pili anakataa.

*Katika sheria.* Unasonga polepole lakini hausimami. Mkataba wa Lisbon, ulioanza kutumika mwaka 2009, unawatambua wanyama kama viumbe wenye hisia katika sera za Umoja wa Ulaya. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2022 kuhusu hisia za wanyama ilikwenda mbali zaidi ikawaingiza pweza, kaa na kamba.

*Unakudai nini.* Mengi kuliko misimamo yote, na mahali pagumu pa kuguswa, yaani mezani. Zaidi ya wanyama bilioni 70 wa nchi kavu huchinjwa kila mwaka kwa chakula, wengi wao kuku. Utafiti wa mwaka 2018 uliokadiria uzito wa viumbe wote duniani ulionyesha kwamba ukiwapima mamalia peke yao, mifugo ni kama asilimia 60, binadamu asilimia 36, na wanyamapori wote, kuanzia nyangumi hadi panya, asilimia 4. Mtu anayesema anawapenda wanyama lakini anawawaza tembo na chui tu, ameiacha nje sehemu kubwa ya wanyama wenyewe. Wengi husoma mpaka hapa kisha wakahamia msimamo mwingine. Nawaelewa, ila ugumu wa sharti hauifanyi hoja kuwa dhaifu.

*Maslahi yakigongana.* Hapa mambo yanakuwa magumu. Uhaba wa spishi hauna uzito wake wenyewe: faru wa mwisho na panya wa kawaida wakiwa na maumivu sawa, wana dai sawa. Tena mwituni maumivu ni mengi hata bila sisi. Uholanzi ina hifadhi iitwayo Oostvaardersplassen, ambako ng'ombe, farasi na kulungu waliachiwa ndani ya uzio waishi kama nyikani. Majira ya baridi ya 2017 hadi 2018 chakula kiliisha. Zaidi ya wanyama 3,000 walikufa, wengi wakipigwa risasi na walinzi ili wasife kwa njaa. Wananchi walirusha nyasi juu ya uzio na kuandamana, na wakuu wa jimbo wakaamua baadaye kuweka kikomo cha idadi ya wanyama. Waliorusha nyasi walimwona farasi aliyekonda. Wanaikolojia walioanzisha mradi waliona mzunguko wa asili. Wote walisimama kwenye uzio mmoja.

*Unakwama wapi.* Mti hauhisi, mto hauhisi, matumbawe hatuna hakika kwamba yanahisi. Msimamo huu unaweza kuvitetea kwa sababu ya wanaoishi ndani yake tu. Na dhidi ya wanyama wageni wanaovamia makazi ya wengine, hutoa jibu moja zuri (watafutieni njia isiyoua) ambalo mara nyingi halipatikani kwa wakati.

*Unamfaa nani.* Mlaji, mfugaji, mtafiti anayetumia wanyama maabara, mwenye kutunga kanuni za machinjio au usafirishaji wa mifugo. Kwa ufupi, yeyote ambaye uamuzi wake unamgusa mnyama aliye mikononi mwa binadamu.

3. Mfumo mzima wa uhai

*Unamhesabu nani.* Udongo, maji, mimea na wanyama kwa pamoja, pamoja na mahusiano yao. Aldo Leopold, afisa misitu wa Marekani aliyefariki mwaka 1948, ndiye anayetajwa zaidi. Alianza kazi akiamini kwamba mbwa mwitu wakipungua kulungu wataongezeka na wawindaji watafurahi. Aliishia kuona milima iliyotafunwa na kulungu mpaka ikabaki vipara. Hitimisho lake, lililochapishwa mwaka 1949, ni kwamba binadamu ni mwanajamii wa kawaida katika jamii ya ardhi, wala si mshindi wake, na tendo hupimwa kwa kuangalia kama linaihifadhi jamii hiyo. Mnorwe Arne Naess alilipa wazo la namna hii sura yake ya kifalsafa mwaka 1973.

*Maslahi yakigongana.* Unatoa jibu, na jibu lenyewe wakati mwingine linatisha. Mmoja mmoja anaweza kutolewa kafara kwa ajili ya wote. Regan aliuita ufashisti wa mazingira, kwa sababu aliona hauelezi kwa nini kafara iishie kwa sungura isimfikie mtu. Watetezi wake hujibu kwamba wajibu wetu kwa jamii ya ardhi unaongezeka juu ya wajibu wetu kwa watu na haufuti ule wa kwanza. Jibu hilo naliona linatosha kwa mazungumzo, lakini bado halisemi wajibu upi unashinda siku ya siku.

Kuna tatizo jingine lisilotajwa sana. Mfumo upi hasa? Ikolojia ya leo haiamini tena kwamba kuna uwiano wa asili uliosimama mahali pamoja tangu zamani. Moto, ukame, mafuriko na uhamaji wa spishi hubadilisha kila kitu. Anayesema "turudishe mazingira yalivyokuwa" lazima ataje mwaka, na akiutaja tu amefanya uchaguzi wa kibinadamu.

*Katika sheria.* Huku ndiko kulikochangamka zaidi karne hii. Mwaka 1982 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Mkataba wa Dunia wa Maumbile, uliosema kila aina ya uhai inastahili heshima bila kujali faida yake kwa binadamu. Katiba ya Ekuador ya mwaka 2008 iliyapa maumbile haki, na mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilizitumia haki hizo kuzuia uchimbaji madini kwenye msitu wa Los Cedros. Mto Whanganui wa New Zealand ulitambuliwa kuwa mtu kisheria mwaka 2017, ukapewa wasemaji wawili, mmoja akiteuliwa na serikali na mwingine na jamii za Wamaori wa mto huo. Hispania ilifanya vivyo hivyo mwaka 2022 kwa Mar Menor, ziwa la chumvi la pwani lililokuwa likifa kwa mbolea inayotiririka kutoka mashambani.

*Unakudai nini.* Elimu na moyo mgumu. Lazima ujue ikolojia ya mahali kabla ya kusema lolote, na uweze kutazama mnyama akifa bila kukimbilia kumwokoa.

*Unakwama wapi.* Kwa watu. Hifadhi nyingi za dunia zilichorwa kana kwamba ardhi ilikuwa tupu. Yellowstone, iliyotangazwa mwaka 1872 na kuigwa kila bara, ilikuwa ardhi ya Washoshone na wenyeji wengine. Batwa wa msitu wa Bwindi, Uganda, walipoteza makazi yao msitu ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991. Sokwe wa milimani wakalindwa, waliokuwa wakiishi nao wakabaki pembezoni bila ardhi.

*Unamfaa nani.* Anayesimamia eneo kwa jumla: hifadhi, kisiwa, bonde la mto, pwani. Na anayepanga kwa miaka mingi.

4. Haki ya mazingira

*Unamhesabu nani.* Watu, kama msimamo wa kwanza, ila hautaki kusikia neno "binadamu" likitumika kwa jumla. Binadamu yupi? Mwaka 1982, katika wilaya ya Warren, North Carolina, wakazi ambao wengi wao walikuwa Wamarekani weusi walilala barabarani kuzuia malori yaliyobeba udongo wenye kemikali za sumu ziitwazo PCB kwenda kwenye dampo jipya karibu nao. Mamia walikamatwa na dampo likajengwa, lakini swali lao likasambaa nchi nzima: kwa nini taka huwa zinaelekea upande ule ule?

Minamata, Japani, ilikuwa imekwisha kulijibu kwa uchungu. Kiwanda kilimwaga zebaki kwenye ghuba kuanzia miaka ya 1930. Paka walianza kuweweseka na kufa, kisha mwaka 1956 ugonjwa ukaripotiwa rasmi kwa watu, wengi wao familia za wavuvi. Serikali ilikubali chanzo mwaka 1968 tu. Faida ya kiwanda ilienea nchi nzima na sumu ikabaki kwenye mitumbwi.

*Maslahi yakigongana.* Haukupi matokeo, unakupa utaratibu. Nani aliamua? Nani analipa? Nani anavuna? Walioathirika walikuwa na uwezo wa kukataa? Mradi uliofeli maswali haya haupiti hata kama hesabu yake ya jumla ni nzuri.

*Katika sheria.* Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek, wenyeji wa msitu wa Mau, kwa kuwatoa humo, na kwamba hoja ya kulinda msitu haikutosha kuhalalisha kuwaondoa. Julai 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua haki ya kila mtu kuishi katika mazingira safi na yenye afya, kwa kura 161 bila nchi hata moja kupinga, nane zikijizuia.

*Unakudai nini.* Muda, mikutano mirefu, na kukubali kwamba jibu lako la kitaalamu linaweza kukataliwa na watu wasio na shahada. Pia unamtaka kila mwenye starehe aulize uchafu wa starehe yake unamwagwa wapi.

*Unakwama wapi.* Mahali pasipo na watu hauna la kusema. Na jamii nzima ikiamua kwa haki na kwa kauli moja kumaliza samaki wa ziwa lake, utaratibu umefuatwa na samaki wameisha.

*Unamfaa nani.* Wakazi, mawakili, waandishi wa habari, na zaidi ya wote wahifadhi wenye nia njema na fedha za kutoka mbali.

Kisiwa kimoja, macho manne

Turudi kwa sungura. Macquarie ni kisiwa cha Australia kilicho kusini sana, katikati ya bahari kuelekea Antaktika. Karne ya 19 wawindaji wa sili na pengwini waliacha humo paka na panya, na sungura waliwaleta makusudi kwa ajili ya kitoweo. Paka waliwala ndege, sungura wakala majani yanayoshikilia udongo wa miteremko. Wahifadhi waliwamaliza paka mwaka 2000. Miaka iliyofuata sungura waliongezeka kwa kasi, na wanasayansi wakabishana kiasi gani kilitokana na kuondoka kwa paka na kiasi gani ugonjwa uliokuwa ukiwadhibiti kupoteza makali. Ikaja awamu ya pili: sumu kutoka helikopta, kisha wawindaji na mbwa waliofunzwa. Kuna ndege wasiolengwa waliokufa kwa sumu ile. Mwaka 2014 kisiwa kilitangazwa kuwa hakina sungura, panya wala paka, na mimea na ndege wakaanza kurudi.

Mtetezi wa mfumo mzima anashangilia. Mtetezi wa kila mnyama anaona vifo vingi vya uchungu vya wanyama ambao kosa lao ni kuzaliwa pale walipoletwa babu zao. Angetaka angalau sumu isiyotesa, au dawa za kuzuia uzazi. Haki ya mazingira inanyamaza, kwa kuwa hakuna mkazi wa kudumu. Anayemtanguliza binadamu anauliza fedha hizo zingefanya nini kwingine, na kama ni mkweli atakiri kwamba fahari ya kuwa na kisiwa kile pia ni faida.

Mimi binafsi naegemea upande wa walioidhinisha kazi ile, ila sioni raha yoyote humo, na mtu asiyesumbuliwa kabisa na sumu ile ningesita kumkabidhi kisiwa kingine.

Sasa badilisha kitu kimoja tu: weka watu. Viboko wa Kolombia wametokana na wanne walioingizwa na Pablo Escobar, mlanguzi wa dawa za kulevya, miaka ya 1980. Sasa wamepita mia na wanasambaa kwenye mto Magdalena, na mwaka 2022 serikali iliwatangaza kuwa spishi vamizi. Wavuvi wanawaogopa, wengine wanapata riziki kwa watalii, wanaikolojia wanaona maji yakiharibika, na watetezi wa wanyama wanapinga kuuawa kwao. Hapa haki ya mazingira haiwezi tena kunyamaza. Pengine ndiyo ianze kusema, maana mvuvi ndiye anayekutana na kiboko usiku.

Kwa hali yako

Ukiwa unashawishi watu wasiojali maumbile, anza na binadamu kwanza. Taja maji, mafuriko, mazao na gharama za hospitali. Usiwadharau kwa kutovutiwa na chura. Mpe chura nafasi mwishoni, kama itabaki.

Ukiwa unaamua kuhusu chakula, mavazi au wanyama unaowafuga, msimamo wa pili ndio wenye la kukuambia. Kuuingiza mfumo wa ikolojia hapo mara nyingi ni kutafuta upenyo. Kama huwezi kuufuata wote, anza na ufugaji wa kubana wanyama wengi mahali padogo, ambao misimamo mingine mitatu nayo ina malalamiko yake dhidi yake: dawa za antibiotiki zinazopoteza nguvu, maji yanayochafuliwa, na harufu inayoangukia wanaoishi jirani.

Ukisimamia eneo lenye spishi vamizi na hakuna watu wanaoishi humo, chukua wa tatu uamue, kisha mwachie wa pili kura juu ya njia itakayotumika. Lengo likiwa limekubalika, namna ya kuua bado ni swali la maadili.

Ukichangia fedha au kubuni hifadhi mpya, soma wa tatu na wa nne kwa pamoja kabla ya kusaini. Mwaka 2022, mjini Montreal, nchi zilikubaliana kulinda asilimia 30 ya ardhi na bahari ifikapo 2030, na sehemu kubwa ya maeneo yanayofaa ina wenyewe. Omba uone kumbukumbu za mikutano na wenyeji. Kama hakuna, subirisha fedha.

Ukiwa jirani wa kiwanda, dampo au mgodi, wa nne ndio silaha yako, na ushahidi wa kwanza unaweza kutoka kwa wanyama. Andika tarehe paka, kuku au samaki walipoanza kufa, na usisubiri iwe zamu ya watoto.

Ukiwa mwanafunzi unayeandaa mdahalo, tetea ule usioupenda, halafu jipe kesi ya mtu wa mwisho wa Routley na kesi ya Oostvaardersplassen. Ya kwanza inamtoa jasho anayemtanguliza binadamu, ya pili inamsumbua kila mmoja.

Na kama uko kwenye kamati na misimamo miwili inakuvuta sawasawa, angalia kipi kinaweza kurekebishwa. Fedha iliyopotea inaweza kurudi, na hata uamuzi mbaya unaweza kutenguliwa, ila spishi iliyokwisha au jamii iliyotawanywa hairudi. Panga kura yako kwa kuanzia na hayo mawili, na uombe iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba uamuzi utapitiwa upya baada ya miaka mitatu.